Kamba ya Mita Hamsini

Kilichoibwa kilikuwa kamba.

Inspekta Nkonde alisimama mlangoni mwa stoo ya mabati, kando ya barabara iendayo Kafutuma, akautazama msumari mtupu ukutani. Mafyekeo kumi na manane yalikuwa mahali pake. Matoroli mawili yalikuwapo. Dumu la dizeli la lita ishirini, ambalo mwizi yeyote mwenye akili timamu angeliuza Kashikishi kabla jua halijakolea, lilikuwa limekaa mlangoni, limejaa pomoni.

"Kamba tu?" aliuliza.

"Kamba tu, ba Inspekta," alijibu Michée, kapitao, yaani msimamizi wa wafanyakazi pale. Alikuwa akijifuta jasho ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Ilikuwa mwishoni mwa Mei, 1998. "Ya katani. Ncha zote mbili tulipakaka rangi nyekundu. Ni ya kupimia kazi."

"Stoo ulifunga?"

"Kila saa ine nakwendaka kunywa chai. Mulango unabakia wazi."

"Wanawake wanajua?"

"Hata mbuzi banajua."

Sajini Beauty, aliyekuwa akiandika, alikohoa ili asicheke.

Kazi yenyewe ilikuwa ya serikali. Tangu Februari, kampuni ya bwana Kapembwa ilikuwa na kandarasi ya kufyeka nyasi pande zote mbili za barabara ile. Wanawake kumi na wanane walifyeka. Kila asubuhi Michée alimpimia kila mmoja kipande chake kwa kamba hiyo. Ukimaliza kipande, jina lako linatiwa alama, na alama moja ni kwacha elfu mbili. Usipomaliza, hata zikibaki hatua tatu, hupati kitu, unakwenda nyumbani na mgongo wako unaouma.

"Bwana Kapembwa umemwambia?"

"Bado. Nilianzia kwenu. Akikuta kamba haiko, atanikata mushahara."

Nkonde alimpa karatasi. Michée akatia sahihi malalamiko ya wizi, tarehe na saa. Jalada likafunguliwa.

Wanawake walikuwa wamekaa ukingoni mwa barabara, miguu wameinyoosha. Hawakusimama kumwamkia polisi. Nkonde alilitambua hilo mara moja, kwa kuwa watu wa Nchelenge wana adabu, na adabu ikikosekana kuna sababu.

"Nani kati yenu aliingia stoo jana saa nne?"

Walitazama barabara.

"Nani aliona kamba mara ya mwisho?"

"Sisi shote," alisema mmoja, Yolande, mwembamba, mwenye sauti ya kukata. "Tunaionaka kila siku. Hata mu ndoto tunaiona."

Wenzake waliguna.

"Mayo," alisema Nkonde, yaani mama, "hili ni jambo la wizi."

"Tunajua ni bwizi, mukwai. Tuliandika barua tatu ku biro ya kazi ya Mansa, juu ya bwizi. Mwezi wa tatu, mwezi wa ine, mwezi wa tano. Hakuna mutu alikuya. Leo kamba imepotea, munakuya na motokari."

Nkonde alihisi uso wake ukipata moto. Aliuliza barua zile zilisema nini.

"Muulize kamba," alisema Yolande, akageuza uso.

Mwishoni mwa mstari alikaa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, kitambaa cha kijani kichwani. Hakuguna wala hakucheka. Alikuwa akimtazama Nkonde moja kwa moja, kama mtu anayempima fundi kabla ya kumpa kazi. Beauty alimnong'oneza bosi wake jina lake: Angèle, mjane wa mvuvi wa hapa, mwenyewe amezaliwa ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo. Alikuwa anaishi kwa kibali cha ukaazi ambacho kila mwaka alilazimika kukiomba upya.

Kabla Nkonde hajamfikia, pikapu nyeupe ilisimama na vumbi lake lote. Bwana Kapembwa alishuka, mkono mbele, tabasamu mbele ya mkono.

"Inspekta! Wamekusumbua kwa kamba?" Walizungumza Kibemba, na Kapembwa alikuwa na Kibemba laini cha mtu aliyezoea ofisi za watu. "Sahau. Habari zilinikuta Kashikishi, nimeshanunua nyingine palepale. Malalamiko tunayafuta."

"Hutaki ile irudi?"

"Ya nini? Kamba kuukuu."

"Ilikuwa na urefu gani?"

"Hamsini. Mita hamsini, kama kandarasi inavyosema."

"Na hii mpya?"

"Hamsini vilevile."

Beauty aliandika. Nkonde alikuwa amefanya kazi ya polisi miaka kumi na tisa, na alikuwa ameona watu wakililia kuku wao walioibwa, majembe yao, hata mlango wa choo. Hakuwahi kumwona mwenye mali aliyekimbia mwendo wa gari ili mali yake isitafutwe.

"Jalada lina sahihi, bwana Kapembwa. Siwezi kulifuta barabarani."

Tabasamu lilipungua kidogo. "Mkuu wako tunafahamiana vizuri."

"Basi utanisalimia."

Kesho yake Nkonde alirudi saa tano kasorobo. Aliwakuta wanawake kumi na wanane wamekaa, mafyekeo chini, wanakula mihogo. Akadhani wamegoma.

"Hapana, ba Inspekta," alisema Michée, na safari hii ndiye aliyeonekana kuchanganyikiwa. "Bamemaliza."

"Kwa kawaida wanamaliza saa ngapi?"

"Saa sita. Saa sita na nusu."

"Nyasi za leo ni fupi?"

"Nyasi ni zilezile."

"Kilichobadilika ni nini?"

Michée aliitazama kamba mpya mikononi mwake. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaiweka chini taratibu, akajifuta viganja kwenye suruali.

"Miye nilipewaka tu," alisema kwa sauti ndogo. "Banilipatia ile kamba, baniambia ni makumi tano. Sikuipimaka hata siku moja."

"Mtu anayepima wenzake kila siku, wewe kamba yako hukuipima?"

Michée aliinamia kamba, akaanza kuikunja. Nkonde hakumwonea huruma, ingawa baadaye alijuta kidogo.

Alikwenda moja kwa moja Bomani, kwenye ofisi ya ujenzi ya wilaya. Karani alimletea mkataba na ankara za mwezi wa nne, pamoja na orodha ya ujira. Nkonde hakuwa mtu wa hesabu. Beauty ndiye aliyekuwa mtu wa hesabu, na aliweka karatasi mbili pamoja, akazisoma, akaanza tena kutoka juu, kisha akatoa sauti ambayo sajini hapaswi kuitoa ndani ya ofisi ya serikali.

"Nieleze polepole," alisema Nkonde.

"Mkataba unasema hivi. Serikali inamlipa Kapembwa kwa mita zilizofyekwa. Ndani ya bei hiyo, ujira wa mfanyakazi ni kwacha elfu mbili kwa kila mita hamsini. Si kwa siku, si kwa kipande. Kwa mita hamsini."

"Haya."

"Mwezi wa nne wanawake walilipwa vipande ishirini na vitano kila mmoja. Kumi na wanane mara ishirini na tano, vipande mia nne na hamsini. Kama kila kipande ni mita hamsini, barabara iliyofyekwa ni mita elfu ishirini na mbili na mia tano. Unanifuata?"

"Nakufuata."

"Kapembwa ameidai serikali mita elfu ishirini na saba na mia tisa. Na mkaguzi alitembea na gurudumu lake la kupimia, akazikuta zote."

Nkonde alikaa chini. "Zaidi ya elfu tano. Nani alizifyeka?"

Beauty aligonga karatasi kwa kidole. "Walewale. Bure."

Kilichobaki kilikuwa kuipata kamba.

Alishuka ufukweni akiwa amefunga mikono nyuma. Chisense, dagaa wa ziwa hilo, walikuwa wameanikwa mchangani, wafanyabiashara kutoka ng'ambo wanapiga kelele za bei, na nyavu zilining'inia kwenye miti yao zikikauka. Nkonde alizaliwa Kafutuma, katika nyumba ambamo mama yake alishona nyavu mpaka macho yakamkataa. Kwa hiyo alitembea kati ya nyavu zile bila kuzitazama hasa, kama mtu anavyopita sebuleni kwao, na alikuwa amepita moja hatua nne hivi alipogeuka.

Wavu ulikuwa mpya. Viboya vilifungwa kwa nafasi sawasawa, kazi ya mkono mzoefu. Lakini kamba ya juu, inayobeba viboya, haikuwa ya nailoni. Ilikuwa ya katani.

Kamba ya katani ndani ya ziwa inaoza kabla msimu haujaisha. Hakuna mshona nyavu wa Ziwa Mweru asiyelijua hilo. Nkonde alifuata kamba mpaka mwisho wake na kukuta rangi nyekundu. Akaenda mwisho wa pili. Nyekundu. Haikuwa imekatwa hata inchi moja.

Mtu aliyeutundika wavu ule hakuwa anaficha kitu. Alikuwa ameweka kamba mbele ya macho ya watu wote, mahali ambapo mjinga angepita na mtu wa nyavu angesimama.

"Wavu huu ni wa nani?"

"Ni yangu," alisema Angèle. Alikuwa amekaa nyuma yake kwenye ndoo iliyofunikwa, kitambaa cha kijani kichwani. "Umekawia. Nilizani utafika jana."

Kituoni, Nkonde alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na lolote atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani.

"Andika," alisema Angèle. "Andika vizuri. Mi njo nilibeba."

"Nani alikusaidia?"

"Hakuna mutu. Ni kamba, haiko nyumba."

"Kwa nini?"

"Juu ya urefu yake." Alisimama, akafungua mikono yote miwili mpaka Beauty akalazimika kusogeza kiti. "Unaona hii? Toka huku mpaka huku ni metre moja na nusu. Miaka makumi mbili niko napima kamba za nyavu na hii mikono, na hakuna muvuvi alisema nimemwibia. Kamba ya metre makumi tano ni mikono makumi tatu na tatu, na kipande. Siku moja ba kapitao alikwenda kunywa chai, nikaingia, nikapima ile ya ba Kapembwa. Makumi ine na moja. Nikazani nimekosea. Nikapima tena. Makumi ine na moja, na kipande."

"Mkamwambia Kapembwa?"

"Tulimwambia. Alicheka. Alisema kamba ilipimwa Ndola na mashini, na mikono ya mwanamuke haiko mashini."

Beauty aliacha kuandika. Akaanza tena, akikandamiza kalamu.

"Tukaandika barua. Tatu. Hakuna mutu. Alors nikajiuliza: batu ba serikali banakuyaka juu ya nini? Juu ya njala ya batu? Hapana. Juu ya mushahara? Hapana. Banakuyaka juu ya bwizi ya kitu ya tajiri. Na kitu ikiibiwa, polisi banaikamata, banaipima, banaandika: ni kitu gani, urefu gani, bei gani. Ni vile ama haiko vile?"

"Ni vile," alisema Nkonde.

"Njo nikaiba. Sasa uipime."

Nkonde alikitazama kibali chake cha ukaazi, kilichokunjwa mara nne na kulainika kama kitambaa. Mtu asiye raia akipatikana na hatia ya wizi, kibali kinafutwa. Angevushwa ziwa kwa boti ya kwanza, na kule Kilwa hakuwa tena na nyumba wala ndugu wa kumpokea.

"Unajua unachohatarisha, mayo?"

"Sikuya hapa bila kujua."

Waliipima uani, mchana, kila mtu akiona. Beauty aliazima utepe wa chuma wa ofisi ya ujenzi. Michée alishika ncha moja kwa hiari yake, na wanawake kumi na saba walisimama nje ya uzio. Nkonde alitaka Kapembwa awepo, na Kapembwa alikuwepo, mikono mfukoni.

Mita sitini na mbili.

"Imevutika," alisema Kapembwa haraka. "Mvua za Machi. Kamba ikilowa inavutika."

Nje ya uzio vikazuka vicheko, vikali, visivyo na furaha.

"Katani ikilowa inafupika, bwana," alisema Nkonde. "Unazungumza na watu wa ziwa."

Beauty alisoma hesabu kwa sauti iliyosikika kituo kizima. Kila kipande, mita kumi na mbili za bure. Vipande ishirini na vitano, mita mia tatu. Mita mia tatu ni vipande sita. Siku sita za kila mwezi, za kila mwanamke, ambazo serikali ilizilipa na mwanamke hakuziona. Kwacha elfu kumi na mbili kwa mtu. Laki mbili na elfu kumi na sita kwa mwezi, kwa wote. Miezi minne, laki nane na elfu sitini na nne.

"Tuingie ndani," alisema Kapembwa.

Ndani hakuwa na tabasamu. Alikaa bila kukaribishwa.

"Ulinunua kamba ndefu makusudi?" aliuliza Nkonde.

"Unajua jinsi zabuni inavyoshindaniwa, Inspekta? Tulikuwa watano. Bei yangu ilikuwa ya chini kuliko zote, na kila mtu Bomani alinipongeza. Hakuna aliyeuliza nafuu ile ingetoka wapi. Ulitaka itoke mfukoni mwangu?"

"Ujira umeandikwa kwenye mkataba."

"Ndiyo maana sikuugusa ujira!" Alisema kwa hasira ya kweli, kama aliyeonewa. "Elfu mbili kwa kipande, nimelipa zote, Ijumaa kwa Ijumaa. Nimerefusha kamba tu. Kamba! Nilidhani nani angepima? Wanawake wale hawana hata rula."

"Wana mikono," alisema Beauty.

Nkonde alimpa karatasi. Maelezo ya Kapembwa yalichukua kurasa tatu, na alipomaliza kutia sahihi alisema kwamba kila mkandarasi anafanya hivyo. Nkonde alimwambia aandike na hilo, pamoja na majina. Hakuyaandika majina.

Jioni ilipokaribia, Nkonde alimwita Angèle ofisini. Alikuwa amelifikiria jambo lake toka mchana, na alikuwa amepata njia, na aliionea fahari.

"Kapembwa anashtakiwa kwa udanganyifu. Kamba ni kielelezo. Wewe naweza kuandika kwamba uliikabidhi polisi kwa hiari. Hukuwa na nia ya kuifanya yako. Hakuna kesi ya wizi. Nenda nyumbani."

Angèle hakusimama.

"Kesi yake itaanza lini?"

"Sijui. Hizi za udanganyifu huenda mahakama ya mkoa, Mansa, halafu mwanasheria wake ataomba muda..."

"Na yangu?"

"Ya wizi? Jumatatu. Hapahapa."

"Basi usinifute," alisema. "Ukinifuta miye, batafuta na kamba. Itakaa mu kabati ya Mansa mpaka panya baimalize. Mi nataka Jumatatu. Nataka baisome mbele ya batu, leo niko na nguvu, na benzangu beko hapa."

"Watakurudisha ng'ambo!"

"Labda. Labda hapana. Wewe andika tu yote, na zile barua tatu, na urefu. Kiisha tuone jaji atasema nini na macho yake ikiangalia kamba."

Nkonde alikasirika. Alikasirika kwa sababu alikuwa amempa mlango naye akaukataa, na kwa sababu alijua yuko sawa. Alivuta hati ya mashtaka, akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Chini yake akaongeza maelezo ya mpelelezi, ukurasa mzima, kwamba mshtakiwa alijulisha polisi wizi mkubwa kwa njia pekee ambayo polisi waliisikiliza. Mkuu wake alipiga simu mara mbili kumwambia aiondoe sentensi hiyo. Mara ya pili Nkonde alimwomba ampe amri hiyo kwa maandishi, na simu ikakatika.

Jumatatu chumba cha mahakama kilijaa mpaka madirishani. Wanawake kumi na saba walikuja na mafyekeo yao, wakaamriwa kuyaacha nje, wakayasimamisha ukutani kwa mstari, kila moja mahali pake. Michée alikaa nao. Kapembwa alikaa mbele na mwanasheria wake. Kamba ilikuwa mezani, imekunjwa, na utepe wa chuma kando yake.

Mwendesha mashtaka alisoma kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu anayetaka kuwahi chakula: kwamba mshtakiwa, bila ruhusa, aliiba kamba moja ya katani, mali ya kampuni, itumikayo kupimia vipande vya mita hamsini, urefu wake halisi mita sitini na mbili.

Hakimu aliinua kichwa. Aliitazama kamba, akamtazama Kapembwa, na hakurudisha macho kwenye karatasi kwa muda.

"Mshtakiwa," alisema hatimaye, "unakubali au unakataa?"

Angèle alisimama wima, mabega yake mapana, mikono kwenye kizimba.

"Nakubali, mukubwa. Lakini musome tena ule urefu. Bale ba nyuma habakusikia."